Msaidizi wa sheria alivyoturekebishia makubaliano ya fidia, Wete, Pemba

Naandika hii kwa yeyote ambae mtu wake kaumia kazini na keshaletewa karatasi za fidia. Mume wangu seremala, msumeno wa umeme ulimkata kidole cha shahada mkono wa kushoto, tajiri wake akakubali kulipa na hilo namshukuru, lakini makubaliano aliletewa atie saini yuko wodini bado, na tulivokuja kuyasoma nyumbani yameandikwa mkono wa kulia, halafu pesa kwa tarakimu 2,500,000 ila kwa maneno milioni mbili tu. Karani wao akatwambia si neno hiyo ni taipingi, kateni kwa peni muandike juu yake.

Tukenda kwa msaidizi wa sheria wa hapa kwetu Wete, bi mmoja mtaratibu sana. Huduma yake bure kabisa, hawa wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Neno lake la kwanza, msiguse karatasi kwa peni, kesho mtaambiwa mmeichezea. Kosa kama la mkono linatengenezewa karatasi ya nyongeza, inataja kifungu gani, kilivoandikwa na kinavotakiwa kisomeke, pande zote mbili zinatia saini na tarehe mbele ya shahidi, na ripoti ya daktari inaambatanishwa maana karatasi zikipingana ndo mtu anapozungushwa. Pesa nazo vilevile, tarakimu na maneno yakigombana kwa kawaida hushikwa maneno, ile laki tano ilikuwa inakwenda hivihivi.

Ila alipontia moyo hasa ni mstari wa chini kabisa, mfanyakazi hatodai tena chochote pamoja na matibabu. Na kidonda bado kinafungwa bendeji! Akasema hili si kosa la kuandika, wao wameandika walichokusudia, kwa hivyo nyongeza peke yake haisaidii mpaka mzungumze upya, na ikishindikana lipelekwe kwenye kitengo cha migogoro ya kazi. Alhamdulillahi tajiri alikubali, matibabu yakaandikiwa kifungu chake.

Kasoro ipo, yuko peke yake na watu wengi, tena mahakamani hakusimamii, huko utafute wakili. Na mnaoambiwa mwende WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule mfuko ni wa Bara, msipoteze nauli ya boti. Mkenda kwake chukueni ripoti ya hospitali, mkataba wa kazi na kitambulisho, na kopi mtoe kabisa njiani, pale mashine hana.