Hema au karavani? Uzoefu wangu wa kupiga kambi kwenye maziwa na miji midogo ya Saskatchewan

Kwa misimu kadhaa sasa familia yangu, inayoishi Saskatoon nchini Kanada, imekuwa ikipiga kambi kwenye maziwa na miji midogo ya jimbo la Saskatchewan, mwanzoni kwa hema na baadaye kwa karavani ya kukodi, yaani nyumba ndogo ya kulala inayovutwa na gari. Kwa kuwa ndugu wanaohamia huku huniuliza kila ifikapo Mei kama jambo hilo linastahili fedha zao, nimeona niandike tathmini yangu kwa utulivu. Jibu langu ni kwamba linastahili, lakini uzuri wa kambi katika nyanda hizi za nyasi haupimwi kwa ukubwa wa ziwa wala kwa wingi wa huduma zilizotajwa kwenye tangazo. Hupimwa kwanza kwa upepo: unatoka wapi, na kuna nini kati yake na mahali unapolala.

Aliyezoea upepo wa pwani, unaokuja kwa majira na kutulia kwa majira, atashangaa. Huku hakuna kilima cha kuuzuia kwa kilomita nyingi, na mara nyingi huvuma kutoka magharibi au kaskazini-magharibi mchana kutwa, kisha jioni ya joto huleta wingu jeusi lenye radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema za bei nafuu hujikunja kwenye udongo mkavu wa Julai, kwa hiyo tulinunua vya chuma vilivyo nene kama kidole pamoja na nyundo ya mpira, na hema letu la sasa ni fupi, la umbo la kuba, lenye kamba za ziada pembeni. Hema refu la vyumba viwili, ambalo madukani humvutia kila mwenye watoto, hubeba upepo kama tanga la jahazi. Nimeona la jirani likilala chini huku nguzo zake zikiwa zimevunjika kabla mvua yenyewe haijaanza kunyesha.

Ndiyo maana ninapofika kambini huangalia miti kabla ya kuangalia maji. Miti mingi unayoiona kwenye nyanda hizi, hasa ua mnene wa vichaka vya karagana wenye maua ya njano na safu za mipopla na mierebi, ilipandwa kwa mikono ya watu. Mpango wa serikali ya shirikisho wa kugawa miche kwa wakulima, uliokuwa na kitalu chake Indian Head, mashariki ya mji wa Regina, ulianza mwaka 1901, na ulipofungwa mwaka 2013 ulikuwa umetoa zaidi ya miche milioni 600. Kiwanja chenye ua wa namna hiyo upande wa magharibi kinaweza kuwa kimya kabisa wakati ufukweni, hatua chache tu mbele, mchanga unarushwa machoni. Vile viwanja vinavyotazama maji moja kwa moja, ambavyo hukimbiliwa kwanza na kila mtu, mimi sivitaki kwa hema.

Ziwa tunalolirudia zaidi ni Diefenbaker, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Saskatoon. Si ziwa la asili; lilitokea baada ya mto South Saskatchewan kuzuiwa kwa bwawa la Gardiner, lililokamilika mwaka 1967, tuta la udongo lenye kimo cha mita 64 na urefu wa karibu kilomita 5. Maji yalijaa bonde kwa umbali wa kilomita 225 hivi. Kambi ya Hifadhi ya Jimbo ya Danielson iko kando ya bwawa hilo, na ile ya Douglas iko upande wa kusini, karibu na kijiji cha Elbow, penye vilima vya mchanga ambavyo watoto wangu huvipenda kuliko ziwa lenyewe. Kwa kuwa maji hutegemea theluji ya milima ya Rocky na ufunguaji wa bwawa, kina hupanda na kushuka kwa mita kadhaa ndani ya mwaka mmoja: mwezi wa tano unaweza kukuta ufuo mpana wa tope na mawe, na mwishoni mwa Julai ufuo huohuo ukawa mwembamba. Maji ni baridi. Watoto huingia wakipiga kelele na kutoka midomo ikitetemeka, ingawa nje joto limefika nyuzi 30.

Anayekwenda Elbow asiishie kwenye gati la mashua. Katika bonde ambalo sasa liko chini ya ziwa hilo kulikuwa na jiwe kubwa lenye umbo la nyati aliyelala, lililoitwa Mistaseni, ambalo kwa Wakri (Cree) na mataifa mengine ya wenyeji wa nyanda lilikuwa mahali patakatifu. Palifanyika jitihada za kulihamisha kabla ya bonde kujaa, zikashindikana, na mwaka 1966 likalipuliwa kwa baruti. Vipande vyake viko Elbow na vinaweza kuonekana. Niliwaonyesha watoto vipande hivyo kabla hawajaogelea, na maswali waliyoniuliza yalichukua jioni nzima.

Ziwa Little Manitou, kiasi cha kilomita 120 kusini-mashariki mwa Saskatoon karibu na mji wa Watrous, ni jambo jingine kabisa. Halina mto unaotoka ndani yake, basi chumvi zake, zenye magnesiamu kwa wingi, zimejilimbikiza mpaka zikapita zile za bahari. Mimi nililelewa Tanga na nilidhani ninajua maji ya chumvi, lakini hapa mwili hukataa kuzama. Unaketi majini kama uko kitini, miguu ikiinuka yenyewe. Hakuna samaki, isipokuwa kamba wadogo sana wa maji ya chumvi. Kambi ya hifadhi ya mkoa iko karibu na maji, na jioni unaweza kutembea hadi Danceland, ukumbi wa dansi wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ambao sakafu yake ya mbao imewekwa juu ya manyoya ya farasi ili inepe kidogo chini ya miguu ya wachezaji. Wazee wanaocheza pale wamevaa nadhifu kuliko wageni wa harusi, na mke wangu alisema tangu aje Kanada hajaona kitu kizuri kuliko hicho. Angalizo moja tu: oga kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara utokapo ziwani, na usiingie ukiwa na mchubuko wowote, kwani utajuta.

Sasa nije kwenye kambi za miji midogo, ambazo kwa maoni yangu ndizo zenye thamani kubwa zaidi kuliko bei yake. Karibu kila mji unaopita barabarani una uwanja mdogo wa kambi, kwa kawaida kando ya uwanja wa michezo, bwawa la kuogelea au jengo la kuteleza kwenye barafu, na nyingi huendeshwa na halmashauri ya mji au na watu wanaojitolea. Hifadhi za mikoa nazo, mfumo ulioanza mwaka 1960, zinafanana na hizo kwa moyo, ingawa ni kubwa zaidi. Mara nyingi humkuti mtu mapokezi. Unachukua bahasha kwenye kisanduku, unaandika namba ya gari na namba ya kiwanja, unatia fedha taslimu na kuidumbukiza kwenye sanduku la chuma lenye tundu jembamba, kisha unachana kipande cha karatasi na kukiweka mbele ya kioo cha gari. Beba noti ndogondogo, maana sanduku halirudishi chenji. Usiku, ikiwa reli inapita mjini, na aghalabu inapita karibu na ghala la nafaka, treni itapiga honi kila inapofika kwenye kivuko: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Mwenye usingizi mwepesi aweke pamba masikioni.

Ubora wake hautabiriki, na hilo lazima lisemwe. Katika mji mmoja ambao sitautaja, soketi ya umeme ya kiwanja chetu ilikuwa imelegea kiasi kwamba plagi ilianguka kwa uzito wake, na bafu la pamoja lilikuwa na maji ya moto kwa mtu wa kwanza tu. Katika mji mwingine, kwa bei ileile, tulikuta majiko ya kuni yaliyofagiliwa, kuni kavu zimepangwa, na mama mmoja aliyekuja jioni kukusanya bahasha akatuletea mabua machachu ya mmea wa rubabu (rhubarb) kutoka bustanini kwake. Ushauri wangu ni kufika mapema, saa tisa au saa kumi alasiri, ukague choo na soketi kabla ya kutia fedha kwenye bahasha.

Kuhusu karavani, tuliikodi kwa mmiliki binafsi, na hapo nina malalamiko. Pampu ya maji ilikufa usiku wa kwanza, na alirudisha sehemu ya fedha baada ya mazungumzo marefu kuliko ilivyostahili. Tangu hapo sichukui karavani kabla mwenyewe hajawasha mbele yangu kila jiko, pampu, taa za breki na friji, kwanza kwa umeme kisha kwa gesi. Jambo la pili ambalo wakodishaji hawalielezi ni umeme. Karavani nyingi zimetengenezwa kwa soketi ya ampea 30, yaani kiasi cha wati 3,600 kwa volti 120, lakini kambi nyingi za zamani zina soketi ya ampea 15, yenye nusu ya uwezo huo. Kwa adapta itawaka, ila kiyoyozi kikifanya kazi huwezi kuchemsha chai kwa birika la umeme bila kukata fyuzi. Sisi tuliamua chai ichemkie kwenye gesi, na kiyoyozi kiwahudumie watoto. Ugali pia hupikwa kwenye gesi, ndani, kwa sababu upepo wa nje hutawanya moto wa jiko na unga hubaki mbichi katikati.

Je, karavani inafaa? Kwa usiku wa radi inafaa, na kwa mbu wa mwezi wa sita pia inafaa, maana wakati huo jua huzama kama saa tatu na nusu usiku na mbu huanza kazi hapohapo, wakati kila mtu angependa kuketi nje. Kwa bajeti haifai sana. Gari letu lilikunywa mafuta kwa kiwango cha kusikitisha kila tulipoelekea upepo ulipo, na kwenye barabara kuu upepo wa ubavuni ulinilazimisha kushika usukani kwa mikono yote miwili muda wote. Kazi ya kumwaga tanki la choo kwenye shimo maalumu, kwa bomba nene na glavu za mpira, haina utukufu wowote, ingawa ukiifanya polepole haina shida.

Kwa wanaotoka kando ya Ziwa Viktoria kuna jambo la kuwatoa hofu. Kwenye baadhi ya maziwa ya huku, hasa yenye maji ya kina kifupi na mimea, waogeleaji hupata vipele vinavyowasha, vinavyosababishwa na vijidudu vya jamii moja na vile vya kichocho, ambavyo hupitia kwa konokono na ndege. Tofauti ni kwamba vya huku hufa ndani ya ngozi ya binadamu na havileti kichocho. Jifute kwa taulo mara utokapo majini na muwasho utapungua. Jambo la kuogopa kweli ni mwani wa kijani-buluu, unaotanda kama rangi iliyomwagika juu ya maji katikati na mwishoni mwa kiangazi. Ukiuona, usiogelee, na mbwa asinywe. Kupe nao hujaa nyasi ndefu kuanzia masika hadi mapema Julai, kwa hiyo kagua watoto kabla ya kulala.

Hifadhi za jimbo huanza kupokea maombi ya viwanja kwa mtandao wakati wa masika, na vile vyenye umeme kwa wikendi za Julai huisha upesi. Kumbuka pia kwamba kibali cha gari kuingia hifadhini hulipiwa mbali na kiwanja. Asiyebahatika asikate tamaa, kwani katikati ya wiki nafasi hupatikana, na Agosti mbu huwa wamepungua. Mwenye mpango wa kuvua samaki akate leseni ya jimbo, isipokuwa watoto wa chini ya miaka 16. Walai (walleye), samaki wa maziwa ya huku, aliyevuliwa asubuhi, akatiwa ndimu na chumvi kisha akakaangwa, hana tofauti kubwa na changu, na hilo nalisema nikiwa mtu wa Tanga.

Wengine huniuliza kwa nini sinunui karavani yangu, hasa Septemba ambapo wenye nazo huziuza kabla ya baridi. Sababu ni hiyohiyo baridi. Joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mabomba lazima yatolewe maji yote na kutiwa kimiminika kisichoganda, na sisi tunaoishi ghorofani hulazimika kulipia maegesho miezi saba kwa kitu tunachokitumia wiki chache. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kwenye meza ya jikoni, na kila mara kukodi wiki moja ya Julai na kulala hemani siku nyingine zote ndiko kunakotoka nafuu.