Kiholanzi cha mwanzo: uanze na salamu au na sarufi?

Ukitaka kumfuata mwenza wako Uholanzi kutoka Kenya au Tanzania, kuna ule mtihani wa Kiholanzi wa ubalozini wa kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, sasa watu wanaulizana sana waanzie wapi.

Salamu zinakufungua mdomo fasta. Goedemorgen asubuhi, goedemiddag mchana, goedenavond jioni, unaongeza ik heet Asha (naitwa Asha), ik kom uit Kenia (natoka Kenya), ik woon in Utrecht (naishi Utrecht), tayari ushajitambulisha. Na ile g yao inatoka kooni kama kh ya kheri, watu wa Pwani mko vizuri hapo. Shida ni mtu akikujibu nje ya ulichokariri unabaki kumtolea macho tu.

Sarufi inaenda polepole, inachosha kusema kweli, ila ndo inakupa uwezo wa kutunga sentensi zako mwenyewe, kwa mfano kitenzi kinakaa nafasi ya pili, ndo maana ni ik werk vandaag (nafanya kazi leo) lakini ukianza na leo inageuka vandaag werk ik. Halafu de na het, vile vineno viwili vya kutangulia nomino, aisee hizi zinasumbua, afadhali ngeli zetu maana neno lenyewe mara nyingi halikuonyeshi chochote, wingi tu ndo wote de.

Mi nasema anza na salamu, kwa sauti, kila siku, sarufi uichomeke humohumo: ukishazoea ik woon, ongeza hij woont (anaishi). Na usikariri huis (nyumba) peke yake, kariri het huis.