Zukini, mumunye au boga bapa? Ununue lipi kwanza sokoni Kampala

Mung'unye huharibikia ukubwani, walisema wazee, na ukifika soko la Nakasero utaelewa. Zukini (maboga marefu mfano wa tango) zenye unene wa mkono wa mtu mzima hupangwa mbele zing'ae, mteja anabeba akidhani kapata nyingi. Nyumbani anakuta mbegu ngumu na nyama kama sponji. Maboga haya huvunwa machanga, siku chache tu baada ya kuchanua, basi kabla ya aina tazama ukubwa.

Ya kwanza kwangu ni zukini ya kijani, urefu wa sentimita 15 hivi. Jaribu ngozi kwa ukucha karibu na kikonyo (omba ruhusa kwanza, nnyabo, yaani mama muuzaji, hapendi mboga zake zichorwe). Ukucha ukizama bila nguvu, chukua. Haimenywi. Karibu asilimia 95 yake ni maji, ndiyo maana wengi huishia na uji. Kata vipande vinene, nyunyiza chumvi, ngoja dakika 20, futa kwa kitambaa, kisha kaanga kwa moto mkali na kitunguu. Mchuzi wa karanga namwagia nikishaepua, maana vikichemka pamoja mchuzi unakuwa maji.

La pili, mumunye changa, lile Wahindi wanaloita dudhi. Kwa ukoo si ndugu wa karibu wa zukini, lakini sufuriani linashika nafasi yake vizuri, hasa kwa dengu. Limenye, kisha gusisha ulimi kwenye kipande kibichi. Kikiwa kichungu, tema na utupe lote. Uchungu ule ni sumu ya mmea wenyewe, na moto hauiondoi. Zukini chungu nayo ni vivyo hivyo.

Zukini ya njano naiweka ya tatu. Ladha ni ileile, ila ngozi yake huchubuka upesi, na kufika nyumbani kwa boda ishapata makovu.

Mwisho boga bapa, lile lenye kingo za mawimbi. Linapendeza machoni, lakini kuosha ile mikunjo ni adhabu! Nalinunua likienea kiganjani tu. Nalifunga zima kwenye jani la mgomba na kuliweka juu ya matoke yakikaribia kuiva.

Usiyaoshe mpaka siku ya kupika, na kama huna friji nunua ya siku mbili tu.