Skuta Inanuka Mpira Ukifika Pongwe: Spea za Kununua Kwanza, na za Kuacha Dukani

Kila Jumamosi natoka Tanga mjini naenda Muheza kufuata machungwa. Kwenda tuko wawili, mimi na skuta. Kurudi tuko watatu, na huyo wa tatu ni gunia. Mwaka juzi mwezi wa pili, kaskazi imekaza, saa saba ya mchana, nimekaribia Pongwe nikaanza kusikia harufu ya kandambili iliyoangukia jikoni. Navuta mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Nikasimama chini ya mwembe, nikagusa kifuniko cha upande wa kushoto, nikarudisha mkono haraka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakufungua hata skrubu. "Mjomba, hii varieta imekufa. Nunua nzima." Nikanunua hiyo varieta, yaani puli ya mbele inayozungusha mkanda wa skuta. Baada ya wiki tano harufu ikarudi, mahali pale pale. Fundi wa pili, kijana wa huku Ngamiani, akafungua, akachomoa sponji ya kuingizia hewa iliyokuwa imeshikana vumbi kama mkate wa mchanga, kisha akanionyesha mkanda uliokwisha ubavuni. Varieta yangu ya zamani, niliyokuwa nimeitupa, pengine ilikuwa nzima.

Kwa hiyo mpangilio huu nimeulipia ada. Bei sitaziandika kwa shilingi, maana hubadilika kwa dola, kwa duka, na kwa uso wa mnunuzi. Nitalinganisha tu.

Kwanza tuelewane joto linatoka wapi. Ndani ya kile kifuniko kuna puli mbili na mkanda. Puli ya mbele, ambayo ndiyo varieta, ina rola ndani yake, yaani vipande vizito vya mviringo, kwa kawaida 6. Injini ikizunguka kasi rola zinatupwa kwenda nje, zinasukuma uso wa puli, mkanda unabanwa unapanda juu. Nyuma, puli nyingine inafunguka ikipigana na springi kubwa. Huko kupanda na kushuka kwa mkanda ndiyo gia zako zote. Mkanda ukishika vizuri, joto ni la kawaida. Ukiteleza, kila nguvu inayopotea inageuka moto, na mpira uliopata moto unakauka, ukikauka unateleza zaidi. Kinachopooza yote hayo ni mapezi yaliyoko kwenye puli ya mbele: yanavuta hewa ya nje, yanaipitisha ndani ya kifuniko na kuitoa nyuma. Ukiziba njia ya hewa umefunika sufuria.

Kabla ya duka: sponji na usafi

Hii haina namba kwa sababu karibu ni bure. Skuta nyingi zina sponji au kichujio kidogo mahali hewa inapoingilia kwenye kifuniko cha mkanda. Si kile cha kabureta, usichanganye. Kioshe kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa, kirudishe. Kwa njia za hapa kwetu, yaani vumbi la changarawe na mchanga wa pwani, mimi naosha kila mwezi wakati wa kiangazi. Ndani, peleka kwa watia pancha wapulize ule unga mweusi kwa upepo, na ujifunge kitambaa puani. Unga wa klachi si wa kuvutwa. Nyuso za puli zipangusie petroli kidogo kwa kitambaa safi. Ukikuta oili ndani, acha habari ya spea: sili (mpira wa kuzuia oili) ya kranki au ya gia inavuja, na mkanda mpya utateleza kama wa zamani.

1. Mkanda

Hapa ndipo hela yako iende, na usiwe bahili. Mkanda mzuri unaweza kugharimu mara mbili au tatu ya ule wa bei chee, na bado ndio wa bei nafuu ukihesabu safari.

Nunua kwa namba, usinunue kwa macho. Mkanda umeandikwa mgongoni, kwa mfano 743-20-30: urefu milimita 743, upana milimita 20, pembe nyuzi 30. Skuta za Kichina zenye injini ya aina ya GY6 ya sisi (cc) 125 au 150 huja na kifuniko kifupi au kirefu. Kifupi hutumia huo wa 743, kirefu mara nyingi ni 842-20-30. Zile ndogo za sisi 50, utakuta 669-18-30 kwa nyingi zenye rimu ya inchi 10. Chomoa wa kwako, soma, nenda nao dukani. Muuzaji akikwambia "huu unaingia tu, umepishana kidogo," mshukuru, ondoka. Mkanda mfupi hauifikishi skuta mwendo wake, mrefu unateleza wakati wa kuondoka.

Kwa aina, ninapanga hivi. Juu kabisa ni mkanda wa kiwanda cha skuta yenyewe, au wa watengenezaji wa mikanda kama Bando na Mitsuboshi wa Japani au Gates wa Marekani, wenye nyuzi za aramidi ndani. Nyuzi hizo hazivutiki kwa joto kama za kawaida. Majina hayo huigwa, kwa hiyo angalia maandishi: yawe yamekaa sawa, yasifutike kwa kidole chenye mate. Ukunje kidogo, wa kweli meno yake yamekatwa sawasawa na hauna nyufa wala harufu kali ya gundi. Nafasi ya pili ni mkanda wa kawaida wa Kichina ambao duka linakuuzia kila mara na mafundi wanaurudia. Kwa safari za mjini, Chumbageni hadi Raskazone, unatosha. Mkanda wa mtumba hauna nafasi. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini, na hujui huo umepikwa mara ngapi.

Lini ubadilishe? Pima upana kwa vernia, kile kipimio cha milimita cha mafundi. Fuata kipimo cha kitabu cha skuta yako. Kama huna kitabu, mimi mkanda wa milimita 20 ukishuka kwenye 18 na nusu siubishii. Nyufa kati ya meno, au nyuzi zinachomoza pembeni, usisubiri kipimo.

2. Rola

Hizi bei yake ni rahisi kuliko ya mkanda na ndizo zinazobadilisha tabia ya skuta waziwazi, ndiyo maana vijana huanzia hapa. Nami ningeanzia hapa kama mkanda wangu ungekuwa mzima.

Rola nyepesi zinaiacha injini izunguke kasi zaidi kabla gia haijapanda: skuta inaondoka kwa nguvu, inapanda mlima, lakini inalia na inakula mafuta. Nzito zinapandisha gia mapema: safari tulivu kwenye lami iliyonyooka, lakini ukibeba gunia au abiria injini inazama. GY6 za 125 na 150 hutumia rola za 18 kwa 14, yaani kipenyo na upana kwa milimita, na nyingi hutoka na uzito wa gramu 11 hadi 13 kila moja. Za 50 ni 16 kwa 13, nyepesi zaidi.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Mimi nilizipeleka zangu kwa sonara, akacheka, akazipima. Katika sita, mbili zilikuwa zimepishana na wenzake kwa zaidi ya nusu gramu. Hizo nilizirudisha dukani kwa maneno mazuri.

Mtu wa mjini asiyebeba mzigo, abaki na uzito wa kiwandani. Anayepanda Amani kutoka Muheza, au anayebeba kama mimi, apunguze gramu moja, ajaribu, halafu aamue. Usiruke gramu tatu kwa mkupuo. Huwezi kupata uzito unaotaka? Changanya, tatu za uzito mmoja na tatu za mwingine, ukizipanga kwa kupishana ili varieta isiyumbe.

Kuna na zile zisizo za mviringo, rola za kuteleza, zinazojulikana kwa jina la Dr. Pulley wa Taiwan. Ni nzuri kweli. Zinaipa puli nafasi kubwa zaidi ya kufunguka na kufunga, na hazipati ule ubapa wa upande mmoja kama za mviringo. Lakini zina upande wa kukaa; zikigeuzwa zinakwama. Na njia za varieta yako zikishachimbika, usizinunue, utakuwa unavalisha kanzu mpya juu ya kikoi kilichochanika. Kwangu ni nafasi ya pili ndani ya kundi hili, kwa sababu ya mafundi kuliko kwa sababu ya kitu chenyewe.

Grisi kwenye rola? Nyingi za GY6 hukaa kavu. Grisi ikipata moto inarushwa hadi kwenye mkanda. Baadhi ya skuta za Kijapani zimetengenezwa kwa grisi na zina sili yake, hizo fuata kitabu.

3. Viatu vya klachi

Hivi ndivyo vinavyoshika bakuli la klachi huko nyuma ili skuta iondoke. Nunua vikiisha tu. Dalili: skuta inatetemeka wakati wa kuondoka, au bakuli la klachi limegeuka rangi ya buluu. Buluu hiyo ni joto lililopita kiasi, na mara nyingi mwenye kosa ni dereva anayesimama kwenye mlima akiishikilia skuta kwa mafuta badala ya breki. Nunua viatu pamoja na springi zake ndogo za uzito wa kiwandani. Zile ngumu, zinazouzwa kwa namba za 1500 na 2000 (mizunguko ya injini kwa dakika), zinachelewesha klachi kushika, na kwa foleni ya sokoni kila kuondoka ni kusugua.

4. Springi ya nyuma

Ile ya kiwanda ikilegea, mkanda unateleza, kwa hiyo kubadilisha kwa mpya ya ugumu uleule ni sawa. Ngumu zaidi? Inabana mkanda kwa nguvu, gia inachelewa kupanda, mkanda unapata moto zaidi. Kwa injini isiyoongezwa chochote, springi ya namba 1000 inatosha.

5. Varieta nzima

Malossi na Polini wa Italia wanatengeneza nzuri, na bei yake utaisikia mfukoni. Ziko hapa chini kwa sababu haziponyi ugonjwa wa mkanda uliokwisha, kama nilivyojifunza. Inunue pale tu njia za rola zimechimbika, au bushi ya katikati inacheza. Hata hapo, ya kawaida ya kiwanda inatosha kwa watu wengi wa hapa.

Usinunue kabisa: kifuniko chenye matundu

Kinapendeza, na watu wa nchi kavu zenye lami tupu wanakipenda. Tanga kinaingiza mchanga, chumvi ya bahari na masika. Mkanda uliolowa unateleza siku hiyohiyo.

Kipimajoto cha bunduki, kile walichotuelekezea usoni wakati wa korona, nacho hakifai: cha hospitali kimetengenezwa kwa mwili wa mtu, joto la kifuniko kinalikataa. Ukitaka kupima, tafuta cha mafundi. Kipimo changu mimi ni kalamu ya maka. Piga mstari kwenye uso wa puli ya mbele kutoka katikati hadi ukingoni, funga, nenda mwendo wote salama hadi Kange na kurudi, fungua. Mahali wino umefutika ndipo mkanda umefika. Wino ukibakia mpana ukingoni, mkanda haupandi hadi mwisho: angalia urefu wake, rola na springi kabla ya kutoa hela nyingine.

Siku ya kufunga, simama pale pale. Mkanda uzamishwe kwanza kwenye puli ya nyuma mpaka ulegee mbele, ndipo nati ya varieta ikazwe. Fundi akikaza huku mkanda umebanwa kati ya nyuso mbili za puli, nati itakudanganya kuwa imekaza, na baadaye italegea ukiwa njiani. Akichomeka bisibisi kwenye mapezi kuzuia puli isizunguke, mzuie wewe yeye. Pezi likivunjika, hewa imepungua. Halafu mkanda wa zamani, kama haujapasuka, uweke chini ya kiti. Wangu ulinirudisha kutoka Muheza mara moja, pamoja na gunia.