Uzoefu wangu: rangi ya luva za ndani za madirisha, Shangani Mtwara

Nimepaka luva za madirisha yangu mara mbili ndani ya miezi minne. Rangi ya kwanza niliichagua dukani, nimesimama chini ya taa. Ya pili niliichagua nyumbani, dirishani penyewe. Hiyo ya pili ipo mpaka leo na kila nikiamka naifurahia, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote wa Mtwara au Lindi anayetaka kuachana na mapazia.

Ninaposema luva namaanisha ile milango midogo ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyolala mshazari, inayofungwa upande wa ndani wa dirisha. Kwa nje tuna nondo, wavu wa mbu na kioo cha kusukuma, kwa hiyo hakuna namna ya kufungulia nje kama kwenye nyumba za zamani za Mikindani. Mapazia yalitushinda. Kusi ikianza yanapepea usiku kucha, na hapa Shangani hewa ya bahari inayafanya yawe na unyevunyevu wa chumvi ambao haukauki vizuri. Fundi seremala akatutengenezea luva za madirisha 5 kwa mbao ya mkongo. Kazi yake naisifu bila kusita. Viungo vimebana, vibao vinageuka kwa kidole kimoja, na ni yeye aliyesisitiza bawaba za shaba, kwa sababu za chuma karibu na bahari zinaota kutu, na kutu ile inachuruzika juu ya rangi.

Nilitaka nyeupe. Kuta zetu ni nyeupe, dari ni nyeupe, nikaona hakuna cha kufikiria. Nikanunua rangi ya maji, fundi rangi akapiga mikono 2, yaani alipaka mara mbili, ilikuwa Machi na mvua zilikuwa zinanyesha karibu kila siku. Zilipofungwa zilipendeza sana. Wiki ya tatu nikaona mstari wa manjano kwenye ukingo wa chini wa kibao kimoja, kama chai iliyomwagikia shuka. Nikaufuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikageuka manjano na doa likabaki palepale. Baada ya siku chache madoa yalikuwa kwenye vibao vingi, hasa chumba cha watoto ambako dirisha linapata mvua ya upande.

Nikamwita seremala. Akapitisha kidole, akakinusa, akasema, "Mwalimu, huu si uchafu. Mkongo una rangi yake ya manjano ndani. Ukipata unyevu inatoka, na rangi ya maji ndiyo inaivuta zaidi."

Hapo nililaumu duka, na bado nalilaumu kidogo. Niliulizwa vipimo vya madirisha, nikaulizwa nataka lita ngapi, lakini hakuna aliyeniuliza napaka mbao gani. Kwa anayeuza rangi hilo lingekuwa swali la kwanza. Mkongo na mvule ni mbao nzuri mno, ila zina rangi yake ya asili ndani, na huwezi kuzipaka kama unavyopaka ubao wa msonobari.

Madoa yangekuwa tatizo peke yake ningepaka nyeupe tena. Lakini kulikuwa na la pili. Chumba chetu cha kulala kinatazama mashariki. Saa moja asubuhi jua linapiga moja kwa moja, na ile nyeupe yenye mng'ao mkali ilirudisha mwanga machoni hadi nikawa naamka na kichwa kizito.

Safari hii sikwenda dukani kwanza. Seremala alinipa vipande 3 vya mkongo vilivyobaki, kila kimoja ukubwa wa daftari, nikanunua makopo madogo na kuvipaka. Kimoja bluu iliyoiva, ndiyo aliyoitaka baba watoto. Kimoja kijivu, na cha tatu krimu nyepesi. Nikavitundika dirishani, si ukutani, nikakaa navyo wiki nzima.

Wiki ile ndiyo iliyonifundisha. Luva iko mbele ya mwanga. Jua liko nyuma yake, wewe uko ndani, kwa hiyo upande unaoutazama wewe ni upande wa kivuli. Rangi yoyote utakayoiweka pale itaonekana imeiva zaidi kuliko ilivyo kwenye kadi au ukutani. Ile bluu, ambayo dukani ilikuwa kama bahari ya saa nne, asubuhi dirishani ilikuwa karibu nyeusi. Kijivu kikawa kama zege ambalo halijapigwa lipu. Krimu ndiyo peke yake iliyobaki na uhai mchana kutwa, ila ilikuwa na uwaridi kidogo ambao sikuutaka.

Jioni moja nilikuwa nimeweka korosho kwenye bakuli, zimebanguliwa na kumenywa lile ganda jembamba, bado hazijakaangwa. Bakuli lilikuwa karibu na dirisha. Nikachukua punje moja nikaiweka juu ya kile kipande cha krimu. Ndiyo hiyo. Nyeupe iliyotulia, yenye manjano ya mbali kabisa. Kesho yake niliifunga punje kwenye karatasi nikaipeleka duka jingine. Kijana pale hakushangaa. Aliilaza kwenye kadi, akasogeza, akasema, "Mama, iko katikati ya hizi mbili," akachanganya kwenye mashine, akapaka tone kwenye karatasi na kulikausha kabla ya kulinganisha. Namba ya mchanganyiko akaiandika juu ya kifuniko. Huduma ile ilinipa moyo.

Kupaka tulisubiri Julai, mvua zimekwisha na hewa imekauka. Luva zote zilishushwa, kila moja ikaandikwa namba kwa penseli upande wa bawaba ili irudi dirisha lake. Msasa mpaka mbao ikaonekana, kisha praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, ya mafuta na ya kuzuia madoa, mikono 2, siku nzima kati ya mmoja na mwingine. Juu yake rangi ya mafuta yenye mng'ao hafifu, mikono 2. Lita 4 zilitosha madirisha 4 pande zote, zikabaki kidogo. Simamia mahali kibao kinapoingia kwenye fremu, maana rangi hujikusanya pale na ikikauka vibao vinagandana. Fundi wetu alikuwa anavigeuza kila baada ya muda mfupi mpaka rangi ikashika.

Jambo jingine la kujua kuhusu rangi ya mafuta: ikiwa nyeupe, hugeuka manjano mahali pasipopata mwanga. Luva ikifunguliwa mchana, uso mmoja unalala ukutani gizani, na baada ya muda nyuso mbili hazifanani. Rangi ya korosho ina manjano yake tangu mwanzo, kwa hiyo hata ikibadilika kidogo jicho halioni.

Dirisha la tano ni la sebuleni, linalotazama bahari, na hilo baba watoto alilipata kwa bluu yake. Nilipinga, nikakosea. Vibao vyeupe au vya krimu hupokea mwanga na kuurusha darini, chumba kinang'aa hata luva ikiwa nusu imefungwa. Vibao vya bluu vinaumeza, chumba kinapoa macho, lakini ukitazama kati yake unaona nje vizuri zaidi, kwa sababu hakuna mng'ao unaokuzuia. Kwa kukaa na kutazama majahazi, lile ndilo dirisha bora nyumbani. Kwa kufuta vumbi ndilo baya kuliko yote. Kila baada ya siku 2 linaonyesha kila chembe, na chumvi inaacha ukungu mweupe. Kwa chumba cha kulala au cha kusomea watoto nisingelipaka hivyo.

Msimu mmoja wa mvua umepita tangu Julai ile. Nimekagua kingo za chini za kila luva. Chumba cha watoto, kona moja ambako nadhani praima haikufika vizuri, kuna alama ya manjano ukubwa wa punje ya mtama. Naiangalia kila Jumamosi nikifuta vumbi, na mpaka sasa haijakua.