Wiki nane za fildi ya jinsia Mwanza: nyota tatu na nusu, na sababu zake

Haya wadau, logibuku, lile daftari la kazi za kila siku za fildi, imeshagongwa muhuri wa mwisho sasa naweza kuongea. Nimefanya fildi (mafunzo kwa vitendo) ya mwaka wa pili kwenye shirika moja la haki za wanawake hapa Mwanza, jina naliacha maana bado maksi zangu ziko mezani kwao. Nasoma jinsia na maendeleo, na mimi ni mwanaume ndio, msishtuke. Baba mdogo anayenilipia ada anajua nasoma "maendeleo", lile neno la mbele nililimeza siku ya kujaza fomu na mpaka leo sijalitapika.

Nianze na mabaya. Wiki mbili za kwanza niliwekwa upande wa miradi na huko jamani hamna fildi, ni ukarani tu. Kutoa kopi, kufunga bango, kupiga picha watu wakiwa wamenyoosha mikono, halafu jioni unakaa na orodha ya mahudhurio unahesabu Me ngapi Ke ngapi. Nimetoka chuo najua kutofautisha jinsi (maumbile ya kuzaliwa nayo) na jinsia (majukumu tunayopewa na jamii) kwa kurasa nne nzima, nafika ofisini nakuta jinsia ni kisanduku cha kutia tiki. Washiriki wa semina wanalipwa nauli, sisi wa fildi hatulipwi, na chakula kinaagizwa kwa idadi yao kwahiyo ukiona sahani imebaki ujue kuna mtu hakuja. Hela ya bodi ya mikopo ilichelewa kama kawaida, bila shangazi yangu wa Nyakato kunipa kitanda na ugali ningerudi nyumbani wiki ya tatu.

Sasa ngoja niwape kisa cha mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inaposhushia mzigo, maana ndo kilichonifungua macho. Tulipanga semina ya ukatili wa kijinsia kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, saa nne asubuhi, soda hamsini, bango limenyooshwa vizuri kabisa. Wakaja wanawake tisa. Afisa akaanza kulalamika kwamba wanawake wa huku hawana mwamko. Mimi nimesimama pale naangalia mwamko wote uko mita mia mbele yetu, wamama wameinama wanatandaza dagaa kwenye mchanga. Mitumbwi ya dagaa inavua usiku kwa taa, asubuhi inaingia, mwanamke ananunua kwa ndoo na kuanzia hapo anashindana na jua. Lazima amwage, atandaze, ageuze, na mvua ikimkuta kabla hawajakauka mzigo unaharibika, anakuja kuwauza bei ya chakula cha kuku. Mmoja aliyekuwa anapita na beseni akatuambia bila hata kusimama, "nyie si mngekuja mbalamwezi?"

Sikumwelewa. Kumbe mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwahiyo siku hizo mitumbwi mingi inapumzika na mwalo wote unapumzika. Yaani kalenda iko juu angani kila mtu anaiona, sisi tumekuja na ya robo mwaka ya mradi. Nikaliandika hilo kwenye ripoti ya wiki, likafutwa, nikaambiwa mfadhili haelewi mambo ya mwezi.

Aliyeelewa ni mama mmoja msaidizi wa kisheria pale ofisini, mtu mzima, wote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mwezi ulipokuwa mkubwa akanichukua tukapanda daladala, hamna bango hamna soda, daftari tu na ile kanga yake ya kukalia. Tukakaa chini ya mti. Walianza watatu wakaja kufika kama arobaini hivi, na hakuna aliyeanza na ukatili. Walianza na madeni ya ndoo, nani anakopeshwa dagaa na nani hakopeshwi na kwa masharti gani, na hapo ndo yale ya ndani yakaanza kutoka yenyewe, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mayu hakuwauliza swali lolote la dodoso, alikuwa anaitikia tu "mmh" na kuandika. Tuliondoka giza limeingia.

Baada ya hapo nikaomba nihamishiwe dawati lake la sheria, na hapa ndo fildi yangu ilipoanzia kwakweli. Jumanne na Alhamisi watu wanakuja na kesi zao, nyingi ni ardhi na mirathi. Siku ya kwanza kaingia mjane, shamba lake limechukuliwa na mashemeji, aliponiona mimi akanyamaza kimya. Mayu akaniambia, "Kijana hamisha kiti kaa kule pembeni, usimtazame usoni, wewe andika." Nikakaa kama mtoto aliyeadhibiwa. Baada ya robo saa yule mama akaanza kuongea.

Maelezo niliyoandika yalirudishwa mara tatu. Niliandika "mteja amenyanyaswa na familia ya mume." Mayu akauliza familia ndo nani? Nani alifanya nini, lini, mbele ya nani, shamba linapakana na nani mashariki? Sikuwa na hata jibu moja, na mimi ndo nilipata A ya mbinu za utafiti.

Na notsi zetu za chuo zimezeeka wadau. Kwenye notsi zangu Baraza la Kata bado lilikuwa linaamua kesi za ardhi zisizozidi thamani ya milioni tatu, nikamwambia mteja hivyo kwa kujiamini kabisa. Mayu akanikatisha palepale, tangu marekebisho ya 2021 kata inasuluhisha tu, hukumu unaifuata Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kule kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba na watatu lazima wawe wanawake, hiyo iko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na kuna lile tangazo la sheria za mila la 1963 linalosema mjane hana fungu kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama alivyowatunza. Darasani tuliipita kwa dakika mbili. Pale dawatini shemeji mmoja aliyeitwa kusuluhishwa aliisema yote kwa kichwa, na hajui kama iko kwenye karatasi popote.

Halafu kuna ile kesi ya Ephrahim na Pastory, wanajinsia wote mnaijua. Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Nimeisoma mihula miwili sikuwahi kujua kwamba rufaa ilisikilizwa hapahapa Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, 1990, na mama akashinda kwamba ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume. Nilijua ni kesi ya Dar bana. Siku moja tulimsindikiza mteja kupeleka karatasi mjini nikawa namsimulia mayu kwa mbwembwe zote, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "haya, shika faili lisilowane."

Supavaiza wa chuo alikuja mara moja, akakaa dakika ishirini, akasaini, akauliza sato wazuri wanauzwa wapi. Nikampeleka.

Kwahiyo nyota. Dawati la sheria nalipa tano, upande wa miradi moja na nusu, ukarimu wa ofisi ni mbili maana chai ipo ila sukari unakuja nayo. Ukichanganya napata tatu na nusu, msinipigie hesabu.

Mnaoomba mwakani: barua pelekeni kwa mkono, imeili hawafungui. Siku ya kwanza tu mseme mnataka dawati la sheria kabla hamjakabidhiwa kamera. Wanaume mnapokelewa vizuri, mzoee kukaa pembeni. Kama huna ndugu Mwanza tafuta chumba mapema na mshee wawili, na mchana kuna mama anauza ugali dagaa nje ya ofisi elfu mbili, mwambie aongeze mchuzi, anaongeza.