Wheel Horse C-120 na bledi ya mbele: zee la kazi kwenye theluji

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Trekta ndogo ya bustani ya miaka ya 70, ukiifunga bledi mbele (lile bamba la chuma la kusukumia theluji), cheni matairi ya nyuma na uzito wa kutosha, inasafisha theluji vizuri kuliko mashine nyingi za kukalia za kukata majani zinazouzwa leo. Mimi natumia Wheel Horse C-120 ya gia 8, injini ya Kohler K301, bledi ya inchi 42, na kwa kweli naipenda sana hii kitu, ila inachosha pia na hapo nitafika.

Watu wakianza kutafuta mashine ya theluji swali la kwanza ni hosipawa ngapi. Yangu ina 12 na sijawahi kuona theluji imeishinda injini, kinachoshindwa siku zote ni matairi. Yaani kabla injini haijaanza hata kulalamika tairi linakuwa limeshaanza kuzunguka hapo hapo bila kwenda popote. Piga hesabu kidogo: njia ya gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 30, theluji ya sentimita 15, hapo una mita za ujazo 13 na nusu. Ikiwa theluji mpya kavu ya kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo ni zaidi ya tani moja, na ikiwa imelowa, ile nzito ya kilo 300, unaongelea tani 4. Sasa hiyo tani 4 husukumi yote kwa mpigo lakini unaona tunaongea habari ya kusukuma mzigo, na mzigo unasukumwa na kitu kizito chenye mshiko.

Na hapa ndipo za zamani zinapoziacha za sasa mbali. C-120 ikiwa tupu inakaribia kilo 300, fremu ni bamba nene la chuma, giaboksi na ekseli za nyuma viko kwenye nyumba moja ya chuma kizito. Mashine nyingi za leo za kukata majani zimetengenezwa zikate majani basi, fremu bati la kukunja, ekseli nyembamba, giaboksi iliyofungwa ambayo hata oili huwezi kubadilisha. Ukiifunga bledi ukagonga bonge la barafu inapinda, au giaboksi inakufa polepole na wewe unashangaa. Sisemi kila kitu cha leo kibaya, nasema hiyo kazi haikuwa kwenye mahesabu ya aliyeichora.

Kwa wasioifahamu, Wheel Horse ilianzia South Bend, Indiana, mwaka 1946 chini ya Elmer Pond, ikanunuliwa na American Motors mwaka 1974 halafu Toro wakaichukua 1986. Wakati wake ilikuwa inachuana na Cub Cadet iliyoletwa na International Harvester mwaka 1961 na John Deere 110 ya mwaka 1963. Hawa wote walikuwa wanauza trekta, ndogo ndiyo, ila trekta ya kulima, kukata majani kiangazi na kusukuma theluji msimu wa baridi, vifaa vinafungwa na kufunguliwa. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini kila kitu ni kinene hivyo.

Injini sasa. K301 ni silinda moja, cc 476, bloku ya chuma kizito, na haina mambo mengi. Kabureta, platini, koili, plagi, imeisha. Platini, kile kidude kinachofungua na kufunga umeme wa plagi, kinataka nafasi ya karibu nusu milimita na kikiwa safi injini inawaka hata baridi ikikata mikono. Kikiwa kimeungua au kina unyevu utazungusha stata mpaka betri iishe. Kwa hiyo kabla msimu haujaanza nakipitia, naweka plagi mpya, na oili ya kiangazi namwaga yote naweka nyepesi ya 5W-30, maana oili nzito kwenye baridi kali inakuwa kama asali na stata inazunguka kwa shida. Petroli tafuta isiyochanganywa na ethanoli kama inapatikana kwako, ile iliyochanganywa inavuta maji, na maji kwenye kabureta wakati wa baridi yanaganda, mwisho wa habari.

Kuna kitu kingine kuhusu kabureta ambacho sioni watu wakikisema sana. Upepo ukirudisha theluji ya unga kwenye injini, inayeyuka kwa joto la bloku, maji yanashuka kwenye vile vifimbo vya kuongezea mafuta, halafu vinaganda pale pale. Unashangaa injini imekwama kwenye mzunguko mmoja, haipandi haishuki. Usichokonoe, usipige na bisibisi, iache ingurume mahali pasipo na upepo dakika kadhaa joto litafanya kazi yake. Wengine wanafunga kipande cha turubai pembeni mwa injini kuzuia unga huo na inasaidia, muhimu usizibe hewa ya kupozea maana hii injini inapozwa na hewa tu, haina rejeta.

Haya, cheni. Jamani cheni ndio nusu ya mashine. C-120 bila cheni kwenye barafu ni sanamu. Kuna za aina mbili kubwa, zile ambazo vipande vya kukatiza vimeachana mbali, kila pingili 4, na zile za karibu, kila pingili 2. Chukua za pingili 2. Za pingili 4 tairi linapita sehemu isiyo na chuma, linateleza kidogo, linashika, linateleza, na wewe juu unarukaruka kama uko kwenye barabara ya mawe. Za pingili 2 kila wakati kuna chuma chini. Nilishauziwa cheni kuukuu na muuzaji mmoja akaniapia ni saizi ya tairi 23x8.50-12, nilipozifunga zikabaki zimelegea zinapiga madigadi kila mzunguko, nikazirudisha. Cheni inatakiwa ikae imebana, endesha kidogo, simama, bana tena, halafu vuta na mipira ya kukazia. Na hili wengi hawaliamini: tairi lenye meno madogo ya nyasi likiwa na cheni linafanya kazi vizuri kuliko tairi lenye meno makubwa ya shambani, kwa sababu kwenye meno makubwa cheni inazama katikati ya meno na haigusi chini ipasavyo.

Uzito nao. Kuna vyuma vya kufunga kwenye rimu, kilo 23 hivi kila kimoja, na kuna kujaza maji tairi, ila usijaze maji matupu yataganda. Zamani walikuwa wanatumia chumvi ya kalsiamu kloraidi, nzito na haigandi, lakini ikivuja inakula rimu vibaya sana, kwa hiyo lazima uwe na chubu. Siku hizi wengi wanaweka maji ya kuoshea vioo vya gari yale ya msimu wa baridi, mepesi zaidi ila hayali chuma, au juisi ya viazisukari ambayo ni nzito na haili chuma pia. Mimi nina vyuma vya rimu pamoja na maji ya vioo na kwenye mwinuko sioni tatizo. Ukifunga bledi mbele ujue nyuma inakuwa nyepesi pale unapoinyanyua, kwa hiyo uzito wote weka nyuma ya ekseli kadiri unavyoweza.

Kazi yenyewe ikoje? Unashusha bledi, gia ya pili ya taratibu, unaachia klachi polepole, na ikiwa umeigeuza pembe theluji inaanza kupanda kwenye mkunjo wa bledi, inajiviringisha, inamwagika pembeni kwa mstari mmoja mrefu. Bledi nyuma ina springi, na siku moja ncha ilikuta jiwe lililogandia chini, bledi ikalala mbele, springi zikanyooka, ikapita juu ya jiwe ikarudi yenyewe kwa mlio mmoja mkubwa, na trekta haikusimama. Hiyo ndiyo sababu springi zisikazwe mpaka mwisho, zikikazwa sana pigo lote linaenda kwenye fremu. Chini ya bledi kuna viatu vya chuma vya kurekebisha kimo, njia yako ikiwa ya kokoto vipandishe sentimita mbili tatu, la sivyo utaanza kusukuma kokoto zote kwenye majani na kiangazi utaziokota moja moja.

Kitu ambacho bledi inakudai ni mahali pa kupeleka. Theluji ya kwanza ya msimu sukuma mbali sana, mbali kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu ukingo huo ukishaganda hausogei tena, na kila theluji inayofuata njia inazidi kuwa nyembamba mpaka gari halipiti. Hapo ndipo mwenye mashine ya kurusha theluji, ile yenye skurubu kubwa mbele na bomba la kutemea, anapokucheka. Ile inarusha juu ya ukingo na haijali umerundika kiasi gani. Lakini ni nzito mbele, inakula nguvu ya injini kweli, inaenda taratibu, theluji iliyolowa inaziba bomba (paka nta ndani ya bomba kabla, inasaidia), na kwenye kokoto ni hatari maana inarusha mawe. Na tafadhali, bomba likiziba zima injini kwanza kisha tumia fimbo, kamwe usiingize mkono. Nyingi za hizi trekta za zamani hazina swichi ya kiti, ukishuka au ukianguka skurubu inaendelea kuzunguka kama kawaida. Kwa theluji ya mara kwa mara isiyo ya kina kirefu mimi nabaki na bledi. Unakoishi kukishuka nusu mita kwa usiku mmoja, nenda na ya kurusha.

Inaponichosha sasa. Kwanza bledi inanyanyuliwa kwa mkono wa chuma pembeni, na kusafisha theluji ni mbele nyuma mbele nyuma, kwa hiyo unanyanyua na kushusha mpaka bega linaitika. Pili ni gia zenyewe, 6 za mbele na 2 za nyuma, kubadilisha lazima usimame kabisa, kwa hiyo kila safari ya kurudi nyuma ni klachi, simama, gia, ondoka. Kwa kazi hii zile za haidrostatiki, zinazoendeshwa kwa msukumo wa oili badala ya kubadilisha gia, ni raha zaidi, unasukuma mkono mmoja tu mbele au nyuma, kama John Deere 140 iliyotoka 1968, ila oili yake kwenye baridi inakuwa nzito na lazima uiache ipate joto kabla ya kuilazimisha. Wanaotaka vyote wanaangalia Gravely za kukalia, injini iko nyuma juu ya ekseli, inaendeshwa kwa gia tupu bila mkanda, na kurudi nyuma ni kusogeza mkono tu. Tatu, usukani. Ukigeuza bledi pembe, theluji inasukuma pua ya trekta upande wa pili na matairi ya mbele yanateleza tu, unakata kushoto yeye anaenda moja kwa moja. Matairi ya mbele yenye mistari mirefu ya kuzunguka yanapunguza hilo, na wengine wanafunga cheni mbele pia.

Spea bado zinapatikana kirahisi, hasa za injini za Kohler za familia hii, gasketi, pistoni, kabureta, platini, kwa sababu zilifungwa kwenye trekta za kampuni nyingi sana. Kwangu hilo lina uzito kuliko rangi nzuri au kiti kipya. Na kuwasha ndani ya banda lililofungwa hapana, hata kama nje baridi ni ya kuua, fungua mlango kwanza, moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Kama umeshawishika unaenda kuangalia moja, usianze na injini. Chuchumaa nyuma, shika tairi juu na chini ulitikise kwa nguvu. Kwenye Wheel Horse haba (kitovu cha gurudumu) imeshikwa kwenye ekseli kwa kipande kidogo cha chuma na skurubu ya kukaza yenye kichwa cha pembe nne, na mtu akiendesha miaka imelegea ule mfereji kwenye ekseli unaliwa. Ukitia cheni na tairi lililojaa maji juu ya haba ya namna hiyo itamalizika msimu mmoja. Likicheza, hata kidogo, muulize mwenye nayo ilicheza tangu lini, halafu vua gurudumu uone mwenyewe kabla hujatoa hela. Ikiwa imekaa kimya, kaza skurubu, weka nati ya pili juu yake ya kuizuia isifunguke, na uikague tena baada ya theluji ya kwanza.